Ekseli ya nyuma ya pikapu nusu tani, beringi imekufa mara ya tatu. Nibadilishe ekseli nzima?

chomelea77

Wakuu habari za kazi. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela tena maana nimechoka kununua kitu kilekile kila baada ya miezi michache. Nina Chevrolet K1500 ya 1995, injini ya 5.7, 4x4, bodi ndefu. Kazi yake ni kubeba vifaa vyangu vya kuchomelea: mashine yenye injini yake kama kilo 230, mitungi miwili ya gesi, rafu ya mabomba, masanduku ya vifaa kushoto na kulia, nyaya, kompresa, na kuna siku vyuma vya mteja vinapanda juu ya hayo yote. Mzigo haushuki, gari linalala nao na linaamka nao.

Ndani ya miezi 14 nimebadilisha beringi ya gurudumu la nyuma kushoto mara mbili, na sasa hii ya tatu imeanza kulia. Dalili ni zilezile, unaanza kusikia mvumo kama umefunga tairi za matope halafu unatembea kwenye lami, baada ya wiki mbili hivi sili inavuja, oili ya difu inamwagikia viatu vya breki na ukikanyaga breki gari linavuta upande. Safari hii nilipochomoa shafti nikapitisha ukucha pale beringi inapokaa, ukucha unakwama kabisa. Kuna mfereji umezunguka shafti na vishimo vidogo vidogo kama makovu ya ndui, na upande mmoja chuma kimegeuka rangi ya bluu.

Nikaamua kwenda mizani. Nyuma peke yake, na mzigo wa kila siku tu bila vyuma vya mteja, ni kilo 2,120. Kibao cha mlangoni kinasema nyuma mwisho 1,700. Sikujua nimezidisha kiasi hicho, nilikuwa najiambia gari limekaa vizuri tu kwa sababu niliongeza majani ya springi mwaka juzi.

Kuna ekseli ya chuma chakavu nimeonyeshwa, muuzaji anaiita 14-bolt. Je, nikiiweka hiyo nitapona? Na nikishaiweka nahesabu gari linabeba kiasi gani? Kuchomelea sio shida ndo kazi yangu, ninachoogopa ni kuchomelea kitu halafu baadaye nigundue kuna kipimo nilikiruka.

---

barabara_ndefu

Mkuu mbona unaenda mbali. Weka begi za hewa kati ya ekseli na chesisi, jaza upepo gari linyanyuke nyuma, nunua beringi nzuri safari hii sio zile za bei ya chini, maisha yanaendelea. Mimi nimekaa na begi za hewa miaka mitatu sasa na sijawahi kugusa difu.

---

Difu na Propela

Ndugu yangu hapo juu, kwa heshima zote, begi za hewa zinanyanyua bodi, hazimpunguzii mtu uzito kwenye beringi hata kilo moja. Ule uzito wote bado unashuka kupitia springi au kupitia begi, unaingia kwenye hausing (ganda la ekseli), unaingia kwenye beringi, unaingia kwenye shafti, unafika kwenye tairi. Ukiongeza majani ya springi ni hivyohivyo. Tena hapo ndo hatari inapoanzia, kwa sababu gari likikaa sawa dereva anaamini halijazidiwa, kumbe kilichoondoka ni dalili tu. Mwenye swali kashasema mwenyewe, aliongeza majani mwaka juzi akatulia.

Sasa chomelea77 nikueleze kinachoua beringi yako maana ukielewa hiki mengine yote yatajipanga. Ekseli uliyonayo ni ile ya bolti 10, kraun (gia kubwa ya mviringo ndani ya difu) ya inchi 8.5, na ni semi-floti. Maana yake shafti yako inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha gurudumu na palepale inabeba uzito wa gari. Beringi iko moja tu kila upande, iko mwishoni mwa bomba la hausing, na hiyo beringi haina ringi ya ndani. Roli zinatembea moja kwa moja juu ya shafti. Shafti yenyewe ndo njia ya roli. Kwa hiyo ukucha wako unapokwama, hujakwama kwenye uchafu wala kutu, umekwama kwenye nusu ya beringi ambayo hujawahi kuibadilisha. Umeweka roli mpya juu ya njia iliyoliwa mara mbili, lazima zife. Na rangi ya bluu ni joto, chuma kikishafika hapo ule ugumu wa juu wa shafti umeondoka, hiyo shafti ni ya kutupa, usiipeleke kwa mtu wa leithi akujazie.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Shafti ya ekseli hiyo inazuiwa isitoke na klipu ndogo ya C iliyoko kule ndani ya difu. Basi. Huko nje hakuna kinachoishika. Ikikatika popote kati ya hapo, gurudumu lote linatoka na kipande cha shafti. Mimi ilikatika nikiwa na matofali, nasikia kishindo, nyuma kumelala, naangalia kioo naona cheche. Gurudumu na ngoma ya breki vilichomoka pamoja na shafti kama futi mbili hivi, na ngoma ilipotoka pistoni za silinda ya gurudumu nazo zikasukumwa nje, breki ya nyuma ikaisha palepale nikabaki na ya mbele tu. Ningekuwa kwenye mteremko nisingekuwa hapa naandika.

Fulu-floti ni kitu kingine kabisa. Kule habu inakaa kwenye beringi mbili ambazo zimekaa juu ya bomba la hausing lenyewe, zimeachana, zinabeba uzito wote. Shafti inapita katikati ikiwa haibebi chochote, kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kufungua bolti 8 pale katikati ya habu ukachomoa shafti mkononi gari likiwa limesimama na mzigo wake bila jeki, na gurudumu halitikisiki. Shafti ikikatika barabarani unakosa mvuto tu, gurudumu linabaki mahali pake. Ndo maana malori yote ya maana yako hivyo.

Lakini kaa chonjo na huyo muuzaji. "14-bolt" ni idadi ya bolti za mfuniko wa difu, sio aina. GM, watengenezaji wa Chevrolet, walitengeneza mbili. Moja kraun yake ni inchi 9.5 na ni semi-floti, ina klipu za C kama hiyo yako, ina nguvu zaidi ya yako lakini ugonjwa ni uleule. Nyingine ni inchi 10.5, hiyo ndo fulu-floti. Usimuulize muuzaji, angalia mwisho wa ekseli. Kama kuna habu imetokeza nje kupita katikati ya rimu, na bolti 8 zimezunguka, ni yenyewe. Kama ni bapa kama yako, achana nayo.

---

chomelea77

Mkuu ubarikiwe, hiyo ya roli kutembea juu ya shafti hakuna fundi hata mmoja aliyeniambia, na wote wawili waliiona shafti mikononi mwao. Nimerudi kuangalia ekseli, habu imetokeza na ina bolti 8 pale katikati, kwa hiyo ni ile ya 10.5. Rimu zake zina stadi (bolti za kufungia gurudumu) 8, zangu zina 6.

---

mama_karakana

Vizuri kwamba ni yenyewe. Mimi nimefunga hizi kadhaa kwenye pikapu za nusu tani za wateja, na naomba usikie kabla hujalipa: ekseli ndo sehemu rahisi. Kinachokula muda ni vinavyoizunguka.

Anza na resho, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, tena anza na hilo kabla ya kitu chochote kwa sababu gari lako ni 4x4. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na resho moja. Fungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, kuna karatasi ina kodi nyingi za herufi tatu. GU6 ni 3.42, GT4 ni 3.73, GT5 ni 4.10. Kisha fungua mfuniko wa hiyo ekseli uhesabu meno ya kraun ugawe kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayozungusha kraun), mfano 41 kwa 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10. Usiamini namba ya chaki aliyoandika muuzaji. Zikitofautiana, siku utakapoweka 4x4 kwenye barabara kavu mbele na nyuma zitakuwa zinavutana kupitia transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na kitu kimoja lazima kivunjike. Ekseli nyingi za aina hii ni 3.73 au 4.10, kwa hiyo kama gari lako ni 3.42 jua kabisa utafungua na difu ya mbele pia, na hapo hesabu ya gharama inabadilika.

Wakati mfuniko uko wazi chovya kidole kwenye oili iliyobaki chini. Ule ugoro laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha sio kawaida. Shika pinioni uitikise juu chini, isicheze hata kidogo. Ekseli hii ina beringi ya tatu inayoshika pinioni kwa mbele, kule ndani ya hausing, ndo moja ya sababu inavumilia mzigo, lakini ikiwa imekaa na maji miaka mingi nayo inakuwa imekula kutu.

Propela. Pua ya ekseli kubwa inafika mbele zaidi kuliko ya kwako, kwa hiyo propela itabidi ifupishwe na ipigwe balansi. Usiikate kwa macho. Funga ekseli kwanza, teremsha gari kwenye magurudumu, ndo upime. Na krosi (kiungo cha propela) ya nyuma inaweza isilingane na yoki ya difu, zipo krosi za kuunganisha saizi mbili tofauti lakini kama unapeleka propela kukatwa ni bora uweke saizi kubwa moja kwa moja.

Viti vya springi. Pima umbali kati ya springi na springi kwenye gari lako, pima kwenye ekseli. Ekseli ikitoka kwenye pikapu ya kizazi kilekile cha 1988 hadi 1998 una bahati, ikitoka kwenye zile za zamani zaidi upana sio sawa na utachomelea viti vipya. Bomba la hausing ni nene kuliko lako, kwa hiyo yu-bolti mpya ni lazima, na hata zingeenea usingerudisha za zamani, yu-bolti ikishavutwa mara moja imeshanyooka. Kaza, tembea kilomita mia chache na mzigo, kaza tena.

Halafu pembe ya pinioni, na hapa wewe una jambo lako la peke yako. Wengi wanapima pembe gari likiwa tupu. Wewe gari lako halijawahi kuwa tupu. Pakia vifaa vyako vyote, gari lisimame kwa magurudumu yake, zungusha ekseli mpaka pinioni iwe sambamba na mhimili wa transfa unapotokea, kisha ishushe pua digrii moja au mbili, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi zinajipinda na pua inapanda. Weka nukta za kuchomelea tu, tatu kila upande. Toa ekseli nje, ndo uchomelee kamili, vipande vifupi, kushoto kidogo kulia kidogo, uache ipoe. Ukichomelea mstari mzima mara moja bomba linapinda na utakula tairi mpaka ushangae. Ile bonge ya katikati ni chuma cha kumimina, usiiguse na elektrodi. Na wewe hili unalijua lakini naliandika kwa wengine, kibano cha ethi kikae palepale unapochomelea, ukikiweka kwenye habu umeme unapita kwenye beringi na unaziua kabla hazijaanza kazi.

Breki. Hausing hizi nyingi zinakuja na ngoma za inchi 13, silinda za gurudumu ni kubwa kuliko zako. Ukiunganisha na masta silinda yako ya sasa, pedali itashuka sana kabla haijashika, utapiga upepo breki mara kumi ukidhani kuna hewa kumbe hakuna hewa. Masta silinda haisukumi mafuta ya kutosha kujaza silinda kubwa. Chukua masta silinda ya K2500, ndugu mkubwa wa pikapu yako, na ufunge pamoja. Nyaya za hendibreki chukua za gari ilikotoka ekseli. Habari njema ni kwamba breki za kuzuia kuburuza kwenye pikapu yako zinasoma mwendo wa nyuma kutoka kwenye transfa, sio kwenye ekseli, kwa hiyo hakuna sensa ya kuhamisha. Ila ukibadilisha kimo cha tairi kasi itasomeka vibaya na inabidi irekebishwe.

Rimu nimeziacha mwisho kwa sababu huwa zinawashangaza watu. Nyuma utakuwa na stadi 8 kwenye duara la inchi 6.5, mbele 6 kwenye duara la 5.5. Utatembea na tairi mbili za akiba, au utafute habu 8 za mbele na vinavyozibeba kutoka K2500. Adapta za kubadilisha 8 kuwa 6 zipo, na kwenye gari la mzigo mimi sizifungi, mteja akinibembeleza nakataa.

---

hesabu_za_mzigo

Nimesoma yote na nakubaliana na mafundi, ila swali la pili la mwenye uzi halijajibiwa na ndo linaloniumiza kichwa: "nikishaiweka nahesabu gari linabeba kiasi gani". Jibu ni kilekile kilichoandikwa mlangoni. Kibao hakipandi kwa sababu umefunga chuma kinene chini. Anayekipanga ni mtengenezaji, na anaangalia kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote: ekseli, springi, tairi, rimu, breki, chesisi. Ukiondoa kiungo kimoja dhaifu, kinachofuata ndo kinakuwa dhaifu. Nchi nyingi sheria inakwenda na kibao, na ikitokea ajali bima nayo inaangalia kibao, kwa hiyo kabla hujatoboa chochote uliza mamlaka ya magari ya kwenu kama gari linaweza kukaguliwa upya na kuandikishwa uzito mpya. Kuna mahali inawezekana, kuna mahali haiwezekani kabisa.

Sasa tairi. Kama una zile P245/75R16 zilizokuja na gari, namba ya uzito ubavuni ni 109, ambayo ni kilo 1,030. Lakini herufi P mwanzoni ina maana ni tairi ya gari dogo, ikifungwa kwenye pikapu unagawa kwa 1.1, unabaki na 936. Mbili ni 1,872. Wewe uko 2,120. Maana yake wakati wote huu ulipokuwa unapigana na beringi, tairi zako nazo zilikuwa zimezidiwa na kilo 250, na tairi haitoi mvumo wiki mbili kabla, inapasuka. LT245/75R16 ya daraja E, yaani tairi ya gari la mzigo, imeandikwa kilo 1,380 kwa upepo wa psi 80, mbili ni 2,760. Hizo funga wiki hii hata kama ekseli utaibadilisha mwakani, na hakikisha rimu yako imeruhusiwa uzito na upepo huo.

Na jambo ambalo ni bure kabisa: mashine yako iko wapi ndani ya bodi?

---

chomelea77

Tairi ndo hizohizo P. Nimeshtuka.

Mashine iko nyuma kabisa karibu na mlango wa bodi, kwa sababu kule ndo rahisi kuvuta nyaya na kuwasha injini yake. Mitungi iko mbele.

---

hesabu_za_mzigo

Ndo nilichodhani, magari ya wachomeleaji wengi yako hivyo.

Bodi ndefu ya K1500 umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 131.5, tuseme sentimita 334. Kama katikati ya mashine iko sentimita 80 nyuma ya ekseli, ile kilo 230 haikai 230 juu ya ekseli ya nyuma. Inakuwa kama mtu amekaa mwisho wa bembea. 80 gawa kwa 334 zidisha 230 ni 55, kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba 285 na ya mbele inanyanyuliwa kilo 55. Hapo ndo unaona usukani mwepesi ukiwa na mzigo, sijui kama umewahi kuona.

Isogeze ikae mgongoni kwa kabini, sentimita 80 mbele ya ekseli. Hesabu inageuka, 55 inaenda ekseli ya mbele na ya nyuma inabaki na 175. Umepunguza kilo 110 nyuma bila kushusha kitu. Fanya hivyohivyo kwa kila kizito, halafu rudi mizani. Angalia tu na ekseli ya mbele nayo isizidi kibao chake.

---

barabara_ndefu

Nimesoma nikatoka nje kwenda kusoma kibao cha gari langu na kuangalia tairi. Nashukuru, mimi miaka yote mitatu sijawahi kupima. Kesho napitia mizani.

Swali dogo kwa mafundi, kwa nini asiuze hiyo akanunua K2500 tu?

---

mama_karakana

Hilo ndo ushauri ninaompa kila mteja kwanza, kabla sijakubali kazi. Ukihesabu ekseli, propela, masta silinda, rimu, tairi, habu za mbele na siku ambazo gari halifanyi kazi, mara nyingi tofauti ya kuuza na kununua K2500 nzito ni ndogo kuliko hiyo. Na ukinunua unapata chesisi nene, breki kubwa mbele, springi zake, na kibao kinachosema uzito huo kihalali. Hicho kibao ndo kitu ambacho mimi siwezi kukuchomelea. Ila uangalie zipo K2500 nyepesi zenye stadi 6, hizo nyuma zina ile semi-floti ya 9.5. Unayotaka ni ya stadi 8 yenye fulu-floti nyuma.

Nawafungia ekseli watu wa aina mbili: mwenye gari ambalo injini, gia boksi na bodi ni vizima na analijua historia yake, na yule ambaye mzigo wake uko ndani ya kibao au umezidi kidogo tu lakini anataka ekseli isiyokufa kila mara. Anayetaka kutoka nusu tani kwenda tani moja na nusu simfungii.

---

chomelea77

Wakuu narudisha majibu baada ya siku nne.

Nimehamisha mashine mbele na kubadilishana nafasi na kompresa, mitungi imebaki. Nimefungua masanduku yote mawili chini nikatoa kila kitu ambacho sijakishika mwaka huu: flanji, spana kubwa za mabomba, pakiti za elektrodi zilizoshika unyevu, jeki ya pili, mnyororo. Nimeweka kwenye mizani ya mkono, kilo 140. Sikuamini. Nilikuwa natembeza chuma bure kila siku. Rafu ya mabomba nimeitoa vilevile, mabomba yatakuwa yanakuja na mteja au nakodi gari siku hiyo.

Mizani nyuma imesoma 1,760. Usukani kweli ulikuwa mwepesi, sasa umeshika.

Kwa hiyo nipo kilo 60 juu ya kibao, na bado kuna kitu au viwili naweza kushusha. Tairi za LT daraja E nimeshafunga. Shafti mpya ya kushoto, beringi na sili nimeagiza, na kipumulio cha difu nilikuta kimeziba kabisa na udongo, nimekisafisha. Nadhani nacho kilikuwa kinasukuma oili kupita kwenye sili.

Ekseli ya fulu-floti nimeinunua pia, nisifiche. Resho kwenye karatasi yangu ni GT4 na nimehesabu meno 41 kwa 11, imelingana. Gari hili naijua kila bolti, injini nimeifungua mwenyewe. Sitabeba zaidi ya kibao, nataka tu hiyo klipu ya C itoke chini yangu kwa sababu ile picha ya Difu na Propela ya cheche kwenye kioo haijanitoka kichwani. Nitafunga polepole, masta silinda ya K2500 nimeshaipata, naanza na viti vya springi mwisho wa mwezi, na mbele nitatafuta habu za stadi 8.

---

Difu na Propela

Hapo sasa umenifurahisha, mzigo umeshuka kwanza halafu chuma kimekuja.

Angalia na shafti ya kulia wakati unafunga ya kushoto, imebeba mzigo uleule. Ukiikuta nayo imeanza kuliwa na hujapata hela, kuna beringi ya kukarabatia yenye sili yake palepale, inakaa sehemu nyingine ya shafti ambayo bado haijaliwa. Ni ya kukuvusha mwezi huo tu, usiihesabu kama dawa.

Na siku ukimaliza kufunga ekseli kubwa usiondoke kabla ya hili, kuna mtu niliyemfahamu aliunguza beringi zote nne za habu ndani ya siku moja. Beringi za habu kwenye ekseli hii zinalainishwa na oili ya difu inayotembea ndani ya bomba mpaka mwisho. Ukishajaza difu, habu bado ni kavu. Nyanyua upande wa kushoto juu kabisa uache dakika kadhaa oili iteremke kulia, shusha, nyanyua kulia, kisha ongeza oili difuni mpaka ifike tena kwenye tundu. Ndo uwashe.

---

chomelea77

Nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Asanteni sana.